Kitabu Kilichofungwa Kabatini

Leo twasema neno ambalo halitawapendeza wote. Wenye nyumba za kutunza wagonjwa wataona tumewaonea. Wakaguzi wa serikali wataona tumewadharau. Na ndugu zetu wengine watauliza: Je, gazeti limekosa habari za kwetu, hata laenda kutafuta za Arizona? Hatukukosa. Lakini Arizona si mbali kama ramani inavyoonyesha. Katika miji ya Phoenix na Tucson wanakaa maelfu ya watu waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, ambao wengi wao walipita kwanza katika kambi za wakimbizi za Tanzania, Uganda na Kenya. Na wengi wanapata riziki yao katika nyumba hizo: wanawake kwa waume wanaokesha na wagonjwa wa akili, au na watu walioshikwa na pombe na madawa ya kulevya. Wengine wamekwisha kufungua nyumba zao wenyewe. Basi habari za nyumba hizo ni habari zetu pia, na ubaya ukitendeka ndani yake, hatuwezi kusema kwamba hatukuwapo.

Kwanza tueleze jambo lilivyo, kwa ajili ya asiyelijua. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina sheria yake juu ya nyumba za namna hii. Huko Arizona ruhusa ya kuifungua hutolewa na Idara ya Afya ya jimbo. Ili kuipata, lazima mwenye nyumba awe na kitabu cha kanuni: mgonjwa apokewe namna gani, apewe dawa na nani, watumishi wafanye nini akitoroka, akitaka kujiua, nyumba ikishika moto, mtu akifa. Sheria ya Arizona inadai mambo matatu juu ya kanuni hizo: zitungwe, ziandikwe, zitendwe. Tena yasema zipitiwe upya angalau mara moja kila miaka 3, na kusahihishwa kila inapohitajika. Yashikeni maneno hayo matatu, maana ugomvi wetu wote umo ndani ya lile la tatu.

Mmoja wetu sisi tunaoandika ukurasa huu alifanya kazi ya usiku katika nyumba moja ya huko. Hatutaitaja. Ilikuwa nyumba ya vitanda 10, yenye uwanja mdogo nyuma na mti mmoja usio na kivuli cha kutosha. Siku moja habari ikaja kwamba mkaguzi yu karibu. Ndipo kitabu kikatolewa kabatini, nacho mwenzetu hakuwa amekiona tangu siku aliyoandikwa kazi, siku ile alipotia sahihi kwamba amekisoma chote na kukifahamu. Kilikuwa kizito, kurasa zaidi ya 200. Wagonjwa walipolala, akaketi nacho jikoni akaanza kusoma.

Akakuta sura nzima ya kuondoa theluji mlangoni na kumwaga chumvi njiani ili watu wasiteleze. Theluji, huko Phoenix! Akacheka peke yake. Akafungua mbele, akakuta kwamba mgonjwa akifa yapasa kupeleka habari kwa idara ya jimbo jingine kabisa, lililo mbali upande wa kaskazini. Hapo kicheko kikamwisha. Akafahamu kwamba mwenye nyumba alikinunua kitabu kimekwisha kuandikwa, kwa mmoja wa wale wanaouza vitabu vya namna hiyo, akabadili jina la juu tu. Wala hakukisoma hata yeye, kwa maana mtu mwenye akili angaliisoma sura ya theluji angaliing'oa.

Juu ya jua, hakuna hata neno moja. Nasi tunajua jua la huko. Mwaka 2023 Phoenix ilipata siku 31 mfululizo, tangu mwisho wa Juni hata karibu na mwisho wa Julai, ambazo joto lilifika digrii 43 au kupita. Katika wilaya ya Maricopa, ambamo mji huo umo, watu 645 walihesabiwa mwaka ule kuwa wamekufa kwa sababu ya joto. Tena dawa nyingi wanazopewa wagonjwa wa akili huuzuia mwili usijipoze vema, au humfanya mtu asisikie kiu. Yeye anayetumia lithiamu akikaukiwa na maji, dawa yenyewe yaweza kugeuka sumu mwilini mwake. Mtumishi asiyeambiwa hayo atamwona mgonjwa ameketi uwanjani saa nane mchana, ametulia, hana fujo, naye atasema: "Mwacheni mzee apumzike."

Lakini mwulizeni mwenye nyumba ile kama anafuata sheria. Atajibu: ndiyo, kitabu ninacho. Naye asema kweli! Anacho, kina jalada zuri, kina sahihi za watumishi wote. Ndilo jambo tunalolikataa. Twasema kwamba kitabu kisichojulikana na mtu wa zamu ya usiku si kanuni ya nyumba hata kidogo, ni karatasi tu. Na mtu anayemwonyesha mkaguzi karatasi hiyo kana kwamba ni kanuni ya nyumba yake, anamdanganya mkaguzi, tena anawadanganya wazazi na ndugu waliomleta mgonjwa.

Watatujibu: "Sheria zabadilika kila mwaka. Nani awezaye kuzifuata?" Hapo hatuwakatalii. Zabadilika kweli, nyingine kutoka serikali ya jimbo, nyingine kutoka serikali kuu ya Washington, nazo zaanguka zote juu ya meza ile ile. Zamani doktari aliyetaka kumwandikia mgonjwa wa afyuni dawa iitwayo buprenofini alipaswa kuwa na kibali cha pekee cha serikali kuu. Sheria iliyotiwa sahihi siku za mwisho za Desemba 2022 ilikiondoa kibali hicho. Lakini kitabu cha zamani bado chasema: mgonjwa atafutiwe doktari mwenye kibali. Basi mtu ambaye leo amekubali kuponywa, na kesho labda hatakubali tena, angojeshwe majuma mawili kwa ajili ya karatasi isiyokuwapo duniani.

Tazameni na naloksoni. Hiyo ni dawa ya kumwamsha mtu ambaye pumzi yake inakatika kwa ajili ya fentanili au afyuni nyingine; hupulizwa puani, hata mtoto aweza kufundishwa kuitumia. Mwezi wa Machi 2023 serikali kuu ilikubali iuzwe bila karatasi ya doktari. Lakini katika vitabu vya zamani naloksoni yahesabiwa pamoja na dawa nyingine zote. Imefungiwa kabatini, ufunguo anao muuguzi, na muuguzi huenda kwake saa kumi na mbili jioni. Usiku midomo ya mtu yageuka rangi, kifua hakipandi, na dawa iko mita 4 kutoka kichwani pake, nyuma ya kufuli. Mtu asiyepumua hawezi kungoja asubuhi. Ubongo waanza kuharibika baada ya dakika chache. Sasa semeni: ni nani aliyemwua mtu huyo? Fentanili, ndiyo. Lakini kufuli je? Na aliyeacha ukurasa ule usibadilishwe je?

Kuna tena sheria ya kutunza siri za watu wanaotibiwa ulevi, ambayo mizizi yake ni ya miaka ya 1970. Hiyo nayo ilifanyizwa upya Februari 2024, na nyumba zikapewa muda hadi tarehe 16 Februari 2026 zipate kuifuata. Tangu hapo mgonjwa aweza kutoa ruhusa moja tu ili habari zake zitumike kwa matibabu na malipo ya siku zijazo, mahali pa kutia sahihi upya kila mara. Bali habari hizo haziwezi kutumiwa kumshitaki yeye mahakamani bila ruhusa yake au amri ya hakimu. Mtumishi asiyejua hilo hukosa kwa njia mbili. Mmoja hukataa kumwambia doktari wa hospitali dawa gani mgonjwa amekunywa, kwa hofu ya sheria. Mwingine humweleza kila kitu polisi wa kwanza abishaye hodi.

Na mipaka ya majimbo! Arizona ilitunga sheria mwaka 2018 kwamba hata nyumba wanamokaa pamoja watu walioacha ulevi, bila kutibiwa ndani yake, ziwe na ruhusa. California, jirani yake, haidai ruhusa ya jimbo kwa nyumba za namna hiyo kama hazitoi matibabu. Basi mtu akivuka mpaka na kitabu cha California mkononi, akafungua nyumba yake kwa roho njema kabisa, amekwisha kuvunja sheria kabla hajapokea mgeni wa kwanza.

Kwa hiyo kazi ya kufuata sheria ni nzito, twakubali. Mtu mmoja wa kwetu mwenye nyumba ndogo alituambia: "Ndugu zangu, mimi ni mpishi, mimi ni dereva, mimi ndiye karani wa malipo. Mke wangu akesha Jumamosi na Jumapili. Mwataka nisome na magazeti ya sheria?" Tulimhurumia, maana si mwizi, na wagonjwa wake wanakula vizuri. Lakini tulimjibu hivi: Ndiyo, twataka. Ulipoomba ruhusa uliyachukua hayo yote mabegani mwako. Mwendesha motokari hawezi kusema kwamba alikuwa na safari nyingi, hata hakupata nafasi ya kutazama breki. Tena hakuna sheria inayokudai kurasa 200. Yakudai mambo fulani yawemo, nayo yatendwe. Kitabu cha kurasa 60 ulichoandika wewe mwenyewe, kwa maneno wanayoyafahamu watumishi wako, kina nguvu kuliko kile cha theluji.

Mambo ya mwaka 2023

Sasa tuseme kwa nini hatuwezi kunyamaza. Mwezi wa Mei 2023 Gavana wa Arizona, Bibi Katie Hobbs, pamoja na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Bibi Kris Mayes, walitangaza mbele ya watu kwamba mfuko wa serikali unaowalipia maskini matibabu, uitwao AHCCCS, ulikuwa umeibiwa kupita kiasi. Walioibiwa hasa ni mpango wa pekee uliowekwa kwa wenyeji wa asili wa Marekani. Hasara ilihesabiwa baadaye kuwa zaidi ya dola bilioni 2. Malipo yakasimamishwa kwa watoa huduma zaidi ya 100, na siku zilivyoendelea wakapita 300.

Wizi wenyewe ulifanyika hivi. Magari yalizunguka katika nchi za Wanavaho, za Waapache na za wengine, hata katika majimbo mengine, yakiwachukua watu walevi, au maskini tu wasio na mahali pa kulala. Waliahidiwa chakula, kitanda, matibabu, hata fedha. Wakaletwa Phoenix, wakawekwa katika nyumba za mjini, na majina yao yakapelekwa kwenye mfuko wa serikali: mtu huyu ametibiwa leo, ametibiwa kesho, ametibiwa masaa mengi. Palikuwa na huduma ambazo serikali haikuwa imezipangia bei, mtoa huduma akaandika bei aliyoitaka mwenyewe. Matibabu hayakuwapo. Katika nyumba nyingine walipewa pombe ili wasiondoke. Jamaa zao kijijini wakabandika picha zao ukutani wakiuliza: Nani amemwona ndugu yetu?

Waandishi wa ProPublica, pamoja na wenzao wa Arizona, walihesabu wenyeji wa asili wasiopungua 40 waliokufa katika nyumba na vituo hivyo vya Phoenix na kandokando yake, tangu majira ya kuchipua ya 2022 hata kiangazi cha 2024. Serikali ilipofunga nyumba, watu wengi wakajikuta barabarani, katika kiangazi kile kile cha siku 31. Wanavaho wenyewe ndio waliotuma askari na watumishi wao kwenda kuwatafuta watu wao mitaani, kwa kazi waliyoipa jina la Daraja la Upinde wa Mvua.

Baadhi ya nyumba hizo hazikuwa na ruhusa yoyote. Lakini nyingine zilikuwa nayo, na palipo na ruhusa pana kitabu. Fikirini jambo hilo. Katika kabati la nyumba ambamo mtu alileweshwa ili abaki, palikuwa na ukurasa usemao kwamba mgonjwa ana haki ya kuheshimiwa. Mkaguzi akija mchana aliona ukurasa, akaona sahihi, akaenda zake. Wala hatusemi kwamba wakaguzi wote walikuwa wavivu. Twasema kwamba mtu aliyefundishwa kutafuta karatasi atapata karatasi.

Na uchungu wetu ni huu, nasi lazima tuuseme ingawa unatuaibisha: katika walioshitakiwa kwa mambo hayo wamo pia watu wa nchi zetu. Hatutataja majina, kesi ni za mahakama. Lakini sisi tuliokimbia vita, tuliolala katika mahema na kuandikwa majina katika orodha za wageni, twajua maana ya kuhesabiwa kichwa na mtu anayelipwa kwa ajili ya kichwa chako. Ilitupasa sisi kuwa wa kwanza kukataa.

Serikali nayo haiondoki hivi hivi. Wapelelezi wake walikuwa wamekwisha kuanza kazi kabla ya 2023, na wenyeji walikuwa wamelalamika. Ofisi moja ilitoa ruhusa, ofisi nyingine ililipa fedha, na muda mrefu hizo mbili hazikutazamana machoni. Ilipoamka, ikafunga mlango kwa kishindo: Juni 2023 ikakataa kwa muda kuandikisha watoa huduma wapya wa namna hizo, ikaongeza masharti, ikaongeza karatasi. Wenye nyumba waaminifu walilia kwamba wamepigwa pamoja na wezi, na katika malalamiko yao mna haki. Lakini tazameni dawa iliyochaguliwa: karatasi zaidi! Mwizi haogopi karatasi. Mwizi ana karani mzuri kuliko wewe. Anayelemewa ni yule ndugu yetu mpishi na dereva.

Ingekuwa amri yetu, mkaguzi angekuja saa tisa usiku. Asingeomba kitabu kwanza. Angemwita mtumishi aliye macho, yule anayelipwa kidogo kuliko wote, na kumwuliza: Mtu wa chumba cha tatu akiacha kupumua sasa hivi, utafanya nini, na dawa iko wapi? Akitoka nje usiku huu, utampigia nani simu? Nani hapa ndani hapaswi kukaa juani, na kwa nini? Kisha angefungua kitabu na kuona kama majibu yanafanana. Tena angekaa na wagonjwa wawili watatu, mwenye nyumba asiwepo, awaulize walikula nini jana na nani alizungumza nao juu ya ugonjwa wao. Kwa saa moja angejua zaidi kuliko kwa siku mbili za kufunua majalada.

Lakini wenye nyumba wasingoje serikali ipate akili. Mchague mtu mmoja, mwenye jina, ambaye kazi yake kila mwezi ni kusoma matangazo ya Idara ya Afya na ya AHCCCS. Asiwe "ofisi", maana ofisi haiwezi kuulizwa. Sheria ikibadilika, ukurasa wa zamani utolewe na kuwekwa mbali, usibaki kitabuni karibu na mpya, kwa kuwa usiku mtu aliyechoka husoma ule anaoufungua kwanza. Kila ukurasa uwe na tarehe yake. Na siku ukurasa mpya unapoingia, kila zamu ifundishwe kabla haijaanza kazi, wale wa usiku na wale wa Jumapili pia, kwa lugha wanayoifahamu. Tumeona watumishi wanaosema Kiswahili au Kirundi nyumbani, wenye Kiingereza cha kutosha kununua sokoni na kumtuliza mgonjwa, wakipewa kurasa za maneno ya kisheria watie sahihi upesi, gari la wafanyakazi lisiwaache. Sahihi ya namna hiyo haina kazi nyingine ila kumwondolea mkubwa lawama na kumtwika mdogo.

Nanyi watumishi wenzetu, msikubali. Twajua ni rahisi kusema. Mnayo kodi ya nyumba, mna watoto wanaosoma, mna mama huko Uvira au Goma anayengoja kitu mwisho wa mwezi. Mkubwa akisema "tia sahihi hapa, ndugu yangu, ni utaratibu tu", mkono watoka wenyewe. Twajua, kwa sababu mkono wa mwenzetu ulitoka.

Ilikuwa hivi. Sheria ya Arizona yadai kwamba watumishi wa nyumba hizo wafanye zoezi la hatari angalau mara moja kila miezi 3, kwa kila zamu. Na zoezi la kutoka nje, pamoja na wagonjwa, angalau kila miezi 6. Katika nyumba ile mazoezi hayo hayakufanywa kamwe usiku. Mwenye nyumba alisema kwamba wagonjwa wakiamshwa watafadhaika, na sababu hiyo ilionekana kuwa ya huruma. Mkaguzi alipokaribia, karatasi za mwaka mzima zikajazwa jioni moja, kwa kalamu moja, juu ya meza ya jikoni. Tarehe, saa, dakika ngapi zilipita hata wote wakawa nje. Dakika 4, dakika 5, tena 4, ili zisifanane mno. Mwenzetu akatia sahihi mahali pa zamu ya usiku. Mkaguzi akaja, akasoma, akawasifu.

Yapata miezi miwili baadaye, saa tisa usiku, nyaya za mashine ya kuoshea nguo zikaungua. Moto haukuwa mkubwa, bali moshi ulijaa ukumbi wote. Mwenzetu akakimbilia mlango wa nyuma, akaukuta umefungwa kwa ufunguo asioujua. Watu saba wakatoka kwa mlango wa mbele. Wa nane akakataa, akidhani ni polisi. Wa tisa, bwana mmoja mwenye umri, alikuwa amepewa dawa ya usingizi, hakuamka kwa kuitwa wala kwa kutikiswa, na hapakuwa na mtu aliyewahi kufikiri jinsi ya kumtoa. Mwenzetu akamvuta sakafuni kwa shuka, akikohoa, kutoka chumba cha mwisho hata barazani. Wazima moto walipofika walimkuta ameketi chini, kichwa cha yule mzee kikiwa juu ya magoti yake. Akapona. Wote walipona. Walipohesabu muda kwa simu yake, zilikuwa zimepita dakika 19.

Kesho yake mwenye nyumba alinunua mashine mpya na kumshukuru sana. Kisha akafungua kitabu, akaandika tukio hilo katika ukurasa ule ule wa mazoezi, chini ya zoezi la Machi, lile la dakika 4, lenye sahihi ya mwenzetu. Akampa kalamu.